Mji wa Njiani

Nadhani wengi wenu mmekwisha kupita Kibaha, wala hamkushuka. Mtu atokaye Morogoro, Iringa, Mbeya au Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Morogoro hupita hapa kwetu. Akifika hapa huvaa viatu alivyovivua njiani, hukusanya mizigo yake, humwamsha mtoto na kumwambia, "Haya mwanangu, tumekaribia." Zimebaki kilomita kama 40 tu. Ndivyo tulivyo sisi: mji wa kukaribia kwingine. Ni abiria wachache tu wasemao, "Tumefika Kibaha," nao ni wale wanaoshuka na ndoo zao na matenga ya kuku.

Mimi ni mmoja wa hao wachache. Nilizaliwa hapa mwaka 1988, nikasoma hapa, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi. Ualimu niliufanya kwa muda mfupi, kisha Paroko akaniomba nimsaidie kazi ya ukarani, maana mwandiko wangu wasomeka. Basi tangu mwaka 2013 kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kitabu cha marehemu. Parokia yangu sitaitaja, kwa kuwa nitakayoyasimulia yananihusu mimi peke yangu, wala sitaki Padre wangu aulizwe maswali sokoni.

Kwanza niwaeleze mji ulivyo. Mtu apitaye barabarani huona maduka, vituo vya mafuta na vijana wauzao korosho madirishani mwa mabasi, akadhani amekwisha kuuona. La, sivyo. Iache barabara, ingia ndani kwa pikipiki robo saa tu, nawe utakuta mihogo, mikorosho, minazi michache, mbuzi aliyefungwa kamba, na mama anayeanika makopa juu ya bati kuukuu. Mbele kidogo utakuta nyumba ya ghorofa yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Mbele yake tena, mihogo. Mji na shamba havikutengwa hapa. Vimechanganyika kama mchele na chuya. Nani mchele na nani chuya, msiniulize.

Ardhi yetu ni ya kichanga. Haina utajiri kama ile ya ninyi mlioko milimani kwenye migomba, lakini muhogo na mkorosho si miti ya kudai makuu. Twalima kwa mvua mbili, masika na vuli. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno zamani sana, kutoka Brazili, ukaipenda nchi kuliko wao walivyoipenda. Ikifika Oktoba hivi korosho huanza kuanguka, na watoto hula mabibo hata midomo ikawawasha. Wako pia wazee wanaoyageuza mabibo kuwa kitu kingine, ambacho karani wa kanisa hapaswi kukijua jina.

Jambo moja huwachekesha wageni. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini bahari huioni hata ukipanda juu ya mnazi. Ukiitaka bahari, nenda Bagamoyo au Dar es Salaam. Zamani Dar es Salaam yenyewe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatengwa ikawa mkoa peke yake, na mkoa uliobaki ukahitaji makao yake mwenyewe. Ndiyo sababu tunayo maofisi ya Pwani bila mawimbi yake.

Maji tuliyo nayo ni mto Ruvu. Mto huo unatoka katika milima ya Uluguru, unashuka nchi tambarare, unapita upande wa Mlandizi, kisha unaingia bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Katika vitabu vya wasafiri wa zamani sehemu yake ya chini huitwa Kingani. Tangu mwaka 1959 maji yake yanachotwa kwa mitambo pale Mlandizi na kupelekwa Dar es Salaam, na mwaka 1976 ukaongezwa mtambo mwingine chini zaidi, upande wa Bagamoyo. Bomba kubwa linapita kwetu kuelekea mjini. Mama yangu ni Mluguru wa Matombo, na kila alipoliona lile bomba, naye ana ndoo kichwani akitoka kisimani, alikuwa akisema, "Hayo ni maji ya kwetu. Watu wa Dar es Salaam wanakunywa milima yangu, wala hawanijui."

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na hapo lazima nieleze kidogo habari za zamani, maana ndizo zitakazotufikisha kwenye jambo langu. Kabla ya reli, Wanyamwezi walishuka pwani kwa miguu, wamebeba pembe na mizigo ya wafanya biashara, wakaja hadi Bagamoyo. Njia yao ilipita katika nchi za Wakwere na Wazaramo. Safari hizo zilikuwa na vita, na njaa, na urafiki. Na katika mambo hayo yote ukazaliwa utani kati ya Wazaramo na Wanyamwezi. Hata leo Mzaramo akikutana na Mnyamwezi humtukana kwa raha kabisa, naye hakasiriki. Kwenye msiba watani ndio wanaofanya mizaha karibu na kaburi, ili walio hai wapate kupumua.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ilifika Morogoro. Ilipita Soga na Ruvu, kusini ya hapa tulipo, si hapa penyewe. Kwa hiyo hata gari moshi lilituacha kando. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo imefuata upande ule ule wa Soga na Ruvu. Sisi ni watu wa barabara.

Lililoifanya Kibaha ijulikane ni jambo la mwaka 1963. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru juzi tu, nayo ikapatana na nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Norwei, Uswidi na Ufini, wajenge hapa mahali pa kupigana na maadui watatu ambao Mwalimu Nyerere aliwataja kila siku: ujinga, umaskini na maradhi. Kwa ajili ya ujinga ikajengwa shule ya sekondari, iliyoanza mwaka 1965. Kwa ajili ya umaskini, chuo cha kuwafundisha wakulima. Kwa ajili ya maradhi, kituo cha afya pale Tumbi, ambacho sasa ni hospitali ya mkoa. Mwaka 1970 wageni wale wakatukabidhi kazi yote, na hivyo likawa Shirika la Elimu Kibaha. Fikirini, ndugu zangu: katikati ya pori na mikorosho, maktaba, maabara, watu wenye nywele nyeupe wakifundisha namna ya kufuga. Wavulana wenye akili kutoka kila pembe ya nchi wakaja kusoma hapa, na wengi wao wakawa watu wakubwa. Nao pia wakimaliza hupanda basi.

Watu waliobaki ndio waliojenga mji. Ukitaka kuwajua, sikiliza majina ya vituo vya basi. Kuna mahali paitwapo Kwa Mfipa. Mfipa ni mtu wa Ufipa, kule Rukwa, mwisho kabisa wa nchi; leo mahali hapo pana Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania ukombozi Kusini mwa Afrika, na watu wa Namibia na Angola wanakuja kusoma Kwa Mfipa. Kuna Kwa Mathias. Kuna Picha ya Ndege. Kuna Maili Moja, jina lililobaki tangu tulipohesabu kwa maili, wala hakuna aliyelibadili kuwa kilomita.

Mimi nazisoma habari hizo katika vitabu vyangu. Kitabu cha ndoa kina nafasi ya kuandika mahali alipozaliwa bwana arusi na mahali alipozaliwa bibi arusi. Katika ukurasa mmoja tu nimewahi kuandika Songea, Bukoba, Mahenge, Moshi, Ifakara na Sumbawanga. Wazaramo na Wakwere, walio wenyeji wa nchi hii, katika vitabu vyangu ni wachache, maana wengi wao ni Waislamu. Hilo lilinifanya, nadhani, niwe na macho ya upande mmoja. Mtu asiyekuwamo kitabuni mwangu nilikuwa kama simwoni.

Sasa nifike kwenye shamba letu.

Baba alikuja hapa mwaka 1979 kutafuta kazi, akapata kibarua cha bustani, akakaa. Mwaka 1986 alinunua shamba kwa mzee mmoja Mzaramo, jirani yake. Mzee huyo alikuwa amerithi shamba kwa upande wa mama yake, kwa kuwa desturi ya zamani ya Wazaramo, kama ya Waluguru wa mama yangu, ni kufuata ukoo wa mama. Na kwa desturi ya hapa watu hawakuzoea kuuza ardhi tupu, waliuza miti. Mwenye miti ndiye mwenye shamba. Basi baba alinunua mikorosho 32, na ardhi ikafuata nyuma yake kama mbuzi.

Siku ya kuandikiana walikaa chini ya mkwaju mkubwa uliokuwa upande wa juu wa shamba. Karatasi ilichanwa katika daftari la shule. Ninayo hata leo. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwamba mzee amemwuzia huyu Mnyamwezi mikorosho 32, tangu mwembe hata kijito. Lakini makaburi matatu yaliyo chini ya mkwaju hayamo katika mauzo, wala njia ya kuyaendea. Chini yake pana dole gumba la mzee, sahihi ya baba, na mashahidi wanne. Katika makaburi hayo alizikwa mama yake mzee, dada yake, na mtoto mchanga.

Mama anasimulia kwamba mzee alipokwisha kutia dole gumba alimgeukia baba akasema, "Nawajua Wanyamwezi. Mmezoea kubeba. Siku moja mtambeba mama yangu mkamwuze Bagamoyo." Wakacheka wote mpaka machozi. Mzee akafa mwaka 1998, na baba ndiye aliyefanya utani kaburini kwake. Baba akafa mwaka 2009.

Tulipokuwa wadogo makaburi yale tuliyajua kama tujuavyo mlango wa nyumba. Hayakuwa na saruji wala maandishi, ila mawe, na vipande vya bakuli la kauri. Kila mwaka kabla ya Ramadhani walikuja mabinti wa mzee, kisha wajukuu, na jembe na fagio, wakapalilia na kusoma dua. Mama aliwapelekea maji ya kunywa, au chai, nao wakamwachia samaki.

Mwaka 2004 Kibaha ikapewa halmashauri ya mji. Mtu aliyeko kijijini huweza kudhani hilo ni jambo la ofisi tu. Si hivyo. Kijiji kina halmashauri yake, nayo ndiyo inayosimamia ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Vijiji vyetu vilipogeuka mitaa, shamba likaanza kuitwa eneo, na eneo likaanza kuitwa viwanja. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kubanana kwao. Wakatazama nje ya mji, wakatuona. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mji wetu watu 128,488. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu karibu mara mbili. Mwaka 2018 ilianza kazi ya kuipanua barabara ya Kimara mpaka Kibaha iwe ya njia nane. Mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikasogezwa kutoka Ubungo mpaka Mbezi, karibu zaidi na sisi. Huko Kwala kukajengwa bandari kavu. Kila jambo la namna hiyo likitangazwa redioni, asubuhi yake madalali wanakuwa wamekwisha kufika mashambani.

Sisemi kwamba hayo ni mabaya. Mama yangu aliyechota kisimani sasa ana bomba uani. Watoto wetu wanapata kazi viwandani. Muuza mayai aliyekuwa akisafiri hadi Kariakoo sasa wateja wanamfuata. Lakini niliona pia jirani aliyeuza ekari tatu, akanunua gari la kubeba abiria, gari likafa, naye sasa analinda geti la nyumba iliyojengwa juu ya ekari zake mwenyewe. Akiniona huniambia, "Karani, ule mwembe ndani ya ukuta niliupanda mimi." Naye haruhusiwi kuokota embe.

Basi mimi niliyemsikitikia jirani huyo, tazameni nilivyofanya. Mwaka 2015 nilikuwa nimechumbia, na arusi ilikuwa karibu. Nilitaka nyumba yenye bati jipya, nilitaka kamati ya arusi isinicheke. Nikamwomba mama tuuze kipande. Mama akasema, "Uza upande wa kijito, mwanangu. Upande wa mkwaju uache, una wenyewe." Nikasema, "Ndiyo, mama."

Dalali akaja na mnunuzi, mtu wa heshima, mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyekuwa anakaribia kustaafu. Upande wa kijito haukumpendeza, kwa sababu ya maji ya masika. Akapanda juu, akasimama chini ya mkwaju, upepo ukampiga, akavua kofia akasema, "Hapa ndipo." Ilikuwa mwezi wa Novemba, majani yalikuwa marefu, mawe hayakuonekana. Akataja bei. Ilikuwa zaidi ya nilivyotumaini.

Mkataba niliuandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule unaosifiwa. Niliandika mipaka, hatua, majina, tarehe, mashahidi. Mnunuzi akaniuliza mara mbili, "Bwana karani, eneo hili halina neno?" Nikamjibu, "Halina neno." Karatasi ya baba ilikuwa nyumbani ndani ya sanduku la bati. Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika jina la kila marehemu, na tarehe, na mahali alipozikwa, niliacha kuandika mstari mmoja. Mama nilimwambia kwamba makaburi hayataguswa. Nadhani nilijiambia hivyo hivyo hata nikasadiki.

Ukuta ukasimama mwanzoni mwa mwaka 2016. Mwezi wa Mei, siku chache kabla ya Ramadhani, matope yakiwa mengi, nilisikia hodi. Alikuwa mjukuu wa mzee, binti wa binti yake, ametoka upande wa Kisarawe. Mgongoni alikuwa na mtoto, na mtoto mwingine wa miaka kama sita alikuwa ameshika fagio refu kuliko yeye. Akamwamkia mama, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibuni." Yule mwanamke hakukaa. Akasema, "Mama, tumezunguka ukuta wote. Njia hatuioni."

Mama akanigeukia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Baba, njia ya bibi yao iko wapi?" Mama huniita baba anaponipenda sana au anapoona aibu kwa ajili yangu.

Sikuwa na jibu. Yule mwanamke akanitazama, akaelewa yote, akasema kwa sauti ya utani, kwa kuwa utani ndio uliokuwa kati yetu, "Ewe Mnyamwezi, babu alisema mtatuuzia bibi. Sisi tukadhani anacheka." Mtani akisema, wewe unapaswa kujibu kwa mzaha mkubwa zaidi. Mimi nilishindwa. Wakakaa kidogo, wakanywa maji, wakasoma dua yao nje ya ukuta, wamesimama kwenye matope, mikono yao imeelekea kwenye matofali. Yule mtoto alifagia chini ya ukuta.

Siku ya pili nilikwenda kazini. Kulikuwa na maziko, nikafungua kitabu cha marehemu niandike. Nilipofika kwenye nafasi ya mahali alipozikwa, kalamu ilikataa. Nikaenda kwa Paroko nikamweleza. Nilitumaini atanikemea, maana kukemewa hupunguza mzigo. Yeye akaniuliza neno moja tu, "Karatasi ya baba yako iko wapi?"

Jumamosi nikaichukua karatasi, nikaitia katika mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, nikaenda kwa mwenye ukuta. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani. "Bwana karani," akasema, "mbona hukuniambia? Ningejenga ukuta hatua nane huku, wala nisingepungukiwa na kitu." Hakuna maneno yaliyoniumiza kama hayo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kweli ingenigharimu fedha yote, kumbe ingenigharimu hatua nane.

Ukuta hakuubomoa, msingi ulikuwa wa mawe, na fedha zake zilikuwa zimekwisha. Lakini alimwita fundi akatoboa mlango mdogo upande wa mkwaju, akatia kufuli. Mkwaju wenyewe alikuwa hakuukata, kwa sababu ya kivuli. Gharama ya fundi nililipa mimi, kwa miezi mitano. Funguo zikawa mbili. Mmoja alibaki nao yeye. Wa pili alinipa mimi. "Siwezi kuwapa watu nisiowajua ufunguo wa uani kwangu," akasema. "Wewe nakujua." Nikaona kwamba bado hanijui vizuri, lakini nikaupokea.

Hivyo tangu mwaka ule ufunguo uko kwangu, umening'inia msumarini juu ya meza ninapoandikia. Kila mwaka wanakuja, wanapiga hodi, wanaomba ufunguo, wanakwenda, wanarudisha. Mama, ambaye sasa ana miaka zaidi ya sabini, hakupatana na jambo hilo hata siku moja. "Wanaomba njia iliyo yao," husema. Ndugu zangu wawili walioko Dar es Salaam wanataka tuuze mikorosho 19 iliyobaki, wapimaji wamekwisha kupita mara mbili, na mawe ya mipaka yamewekwa hadi karibu na choo chetu. Mama anasema yeye akiwa hai haitauzwa. Tukikaa kuzungumza mimi huitoa karatasi ya baba sandukuni na kuiweka mezani. Ndugu zangu hukasirika, wanasema namtumia marehemu. Labda ni kweli.

Mwaka huu walikuja tena kabla ya Ramadhani. Yule mtoto wa fagio sasa ni kijana mrefu, sauti yake imekwisha kuvunjika. Aliniamkia, kisha akautazama ufunguo pale msumarini, akamwuliza mama yake, "Mama, kwa nini ufunguo wa kaburi la bibi unakaa kwa karani?" Mama yake akasema, "Mwulize mwenyewe, huyo hapo."

Sikumjibu. Niliutoa ufunguo msumarini nikampa mkononi. Wakaenda wakafagia, wakasoma dua yao, wakapita nyumbani kumwaga mama, wakamwachia samaki, wakaenda kusubiri gari barabarani. Ufunguo hakuurudisha, wala mimi sikumwuliza.